Mazishi Yangu ni Jumamosi Saa Saba

Jumatatu, 13 Aprili

Shule imefunguliwa. Mwalimu Mkuu Mashimba ametuhutubia walimu tangu mawingu yanakusanyika upande wa ziwa hadi mvua ikaanza kutupiga migongoni, naye akiwa chini ya mwavuli. Kwa ufupi wake, ambao yeye hana: Darasa la Pili linakera, halisomi, haliandiki. Dawa anayoijua ni ile ile. Niandike insha moja ubaoni, "Ng'ombe ni mnyama," watoto wainakili kila siku hadi waikariri, na siku ya upimaji waitapike.

Nikamwambia muhula huu nitawafundisha aina za maandishi. Barua, maelekezo, tangazo, hadithi. Kila mtoto aandike maneno yake mwenyewe.

Akacheka hadi mwavuli ukatikisika. "Mwalimu Yasmin, hawa watoto wa waanika dagaa wana maneno gani ya kuandika?"

Kinachoniudhi ni kwamba na mimi huwa nafikiri hivyo hivyo. Lakini wazo langu lilipotoka kinywani mwake lilinuka, nikalikana pale pale. Tumekubaliana: Afisa Elimu Kata akija na asione kitu, darasa langu anapewa Mwalimu Obedi wa Darasa la Kwanza, na mimi nitakwenda kufundisha michezo. Mimi, michezo.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Bati linapiga kelele kuliko mimi. Nimefundisha kwa mikono.

Alhamisi, 16 Aprili

Barua. Nikawaambia, "Mwandikie mtu unayempenda, umwambie jambo moja." Wakainama wote, nikafurahi, mjinga mimi. Kumbe Mashimba aliwahi kuwakaririsha barua mwaka jana alipokuwa anashikilia darasa lao. Wote wameandika kwamba dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, na hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nkwabi amemwandikia hivyo kaka yake anayelala naye kitanda kimoja.

Sabina hakuandika kitu. Sabina haandiki kitu, hasemi kitu, anakaa karibu na dirisha na kunitazama kama mtu anayesubiri chenji. Anaishi na bibi yake kule wanakoanikia dagaa. Nimeshamkatia tamaa, na sioni haya kuandika hivyo, maana daftari hili ni langu.

Jumanne, 21 Aprili

Maelekezo. Jinsi ya kupika uji. Mmoja ameanza, "Kwanza mwite mama." Hayo ndiyo maelekezo yake yote. Nimempa alama kamili kwa ukweli.

Obedi amepita na Darasa lake la Kwanza wakiimba irabu huku wanarukaruka kwenye tope. Mtu mzima mwenye ndevu anaruka "a-e-i-o-u". Akanipungia mkono. "Madamu Yasmin, njoo turuke!" Nikafunga dirisha.

Alhamisi, 23 Aprili

Sima ya muhogo. Tena.

Jumatatu, 27 Aprili

Leo tangazo. Nikaeleza kwa ustadi, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna atakayenisifu hapa: tangazo linasema nani, nini, wapi, lini. Tangazo zuri ni lile ambalo watu wakilisoma wanakuja. Tangazo halisemi uongo. Nikawapa karatasi, nikakaa nikisubiri matangazo ya mpira, ya mnada, ya kuku aliyepotea.

Wamenipa vifo. Wote! Darasa zima limeandika matangazo ya vifo. Nilipaswa kulijua hilo, lakini nani angefikiri? Tangazo pekee ambalo watoto hawa wamelisikia tangu wakiwa mgongoni ni lile la redioni, lile ambalo nyumba nzima huambiwa inyamaze. Familia ya mzee fulani inasikitika. Habari ziwafikie walioko Usagara, walioko Sengerema mjini, na wengine wote watakaosikia tangazo hili. Basi wameua mbuzi, wameua jogoo wa jirani, Nkwabi amemuua kaka yake yule yule wa barua. Habari ziwafikie.

Nikasimama mbele nikiwa sijui nicheke au niwachape. Kisha nikaona Sabina ameinama. Anaandika. Ulimi umetoka nje kidogo, kidole cheupe kwa kubana penseli. Nikasogea taratibu kwa nyuma. Nanakili:

TANGAZO. Mwalimu Yasmin amekufa. Amekufa kwa homa. Mazishi ni Jumamosi saa saba hapa shuleni. Watu wote mje. Mje na kuni.

Kila sentensi ina herufi kubwa na nukta. Nani, nini, wapi, lini. Hata sababu ipo. Tangu Januari mtoto huyu hajaniandikia hata jina lake, na alipofungua mdomo, kwa maana ya kalamu, amenizika.

Nimefurahi kipumbavu kabisa.

Jumanne, 28 Aprili

Kazi bora nimezibandika kwenye ubao wa matangazo pale getini, ya Sabina juu kabisa. Watoto wakasema tangazo bila mhuri si tangazo. Hoja nzuri, hata wazazi wao hawaamini kitu kisicho na mhuri. Mashimba amekwenda semina Sengerema, mhuri wake upo kwenye droo isiyofungika. Nikagonga zote. Walipiga makofi kama wamepata vyeti.

Kichwa kinaniuma tangu mchana.

Jumatano, 29 Aprili

Homa. Viungo vyote. Obedi ameniitia bodaboda, akanifunga mgongoni kwa dereva kwa khanga nisianguke. Nakwenda kivukoni, halafu Nyegezi kwa dada. Simu imeingia maji ya mvua, imezima. Sina nguvu ya kumdharau mtu yeyote leo.

Jumamosi, 2 Mei

Lazima niandike yote kabla sijaanza kutilia shaka akili yangu.

Dawa zilinikubali mapema, na nyumba ya dada ina watoto na televisheni, kwa hiyo leo asubuhi nikaamua kurudi. Kuanzia kivukoni nikaona mambo si ya kawaida. Mwuza karanga alinitazama, akaacha kunitazama, akabeba sinia lake akaondoka. Bodaboda wawili wakakataa kunibeba bila kutaja bei. Nikapanda gari la mizigo, nikashuka njia panda, nikatembea.

Shuleni kuna turubai. Nikadhani Mashimba ameleta wageni bila kutuambia, ndiyo tabia yake. Kisha nikaona moshi wa masufuria, na kuni zimepangwa mpaka kwenye dirisha la ofisi. Wanawake wamekaa chini, khanga kichwani. Wanaume upande wa pili, viatu vimejaa tope. Kijiji kizima. Hakuna aliyekwenda shamba, hakuna aliyeingia ziwani, dagaa wa watu wameachwa kwenye chanja mvua ikiwatishia.

Mbele amesimama Mashimba, kumbe ameshatoka semina, karatasi mkononi, anasoma wasifu wa marehemu.

"Marehemu alikuwa mcheshi," akasoma. "Alikuwa mnyenyekevu. Alipenda sana ushirikiano na hakuwa na dharau kwa mtu yeyote, mkubwa wala mdogo."

Nilikuwa nyuma kabisa ya watu. Nikasikitika kwamba sikuwahi kukutana na marehemu huyo. Debe tupu haliachi kuvuma, hata msibani. Akaendelea kwamba yeye binafsi ndiye aliyemlea kikazi, na kwamba mbinu zote mpya za Darasa la Pili yeye ndiye aliyemfundisha. Nikasogea mbele nisikie vizuri wizi huo.

Aliyeniona wa kwanza ni Bashiru mwenye duka, Mwislamu pekee mwenzangu hapa kijijini. Tangu jana, nimeambiwa baadaye, amekuwa akizunguka akigombana na kila mtu: maiti ya Mwislamu haikai, maiti iko wapi, nani anaosha, mnanichelewesha; nao wakimjibu iko njiani kutoka mjini. Alikuwa amekaa na sanda mapajani. Akainua macho. Tukatazamana.

"Innalillahi," akasema, kisha akasita, maana hakujua aendelee vipi.

Sitaelezea mbio. Nitasema tu kwamba Mashimba ndiye aliyekimbia mbali kuliko wote, na wasifu wangu aliuacha kwenye tope, nikauokota.

Ilibidi Obedi ndiye aje kunishika mkono. Alinishika kiganja, akakiminya, akanishika na shavu, mtu mzima mwenye ndevu, machozi yanamtiririka. "Ni wa moto," akawapigia kelele. "Jamani, ni wa moto!" Baadaye akaniambia alipiga simu yangu hadi vocha ikaisha, hakumpata mtu, na alikuwa ameniona kwa macho yake nikibebwa kama gunia. Na tangazo lilikuwa na mhuri.

Watoto waliwaambia wazazi kwamba lile lilikuwa zoezi tu la darasani. Nani amsikilize mtoto wakati kuna mhuri?

Chakula kikaliwa. Haikuwezekana kukimwaga. Nimekula pilau ya msiba wangu, na chumvi ilizidi.

Jumapili, 3 Mei

Watu wanapita mbele ya nyumba yangu polepole, wananitazama nikifua. Nimewasalimu wote. Mmoja ameitika akiwa tayari ameshageuka.

Jumatatu, 4 Mei

Kikao. Afisa Elimu Kata, Mayala, amekuja kwa pikipiki yenye tope hadi kwenye taa. Ni mtu mwembamba anayesikiliza akiwa amefumba macho, na mimi nilimdharau kwa hilo hadi nilipogundua kwamba kweli anasikiliza.

Mashimba amepata nguvu zake zote. Amesema hakuna mtoto wa Darasa la Pili anayeweza kuandika tangazo lile. Hakuna! Tangazo limenyooka kuliko matangazo ya ofisi yake, hilo alisema yeye mwenyewe, bila kusikia alichokisema. Kwa hiyo nimeliandika mimi, kwa mkono wa kushoto pengine, nikaiba mhuri wa serikali, nikakimbilia mjini, ili kumdhalilisha mbele ya wananchi. Niondolewe Darasa la Pili leo, na watoto warudi kunakili ubaoni kama binadamu wengine.

Nikakiri mhuri. Kuhusu maandishi, nikasema aitwe Sabina aandike mbele yenu.

"Aitwe," akasema Mayala, macho bado yamefumba.

Sabina hayupo. Hajaonekana tangu Ijumaa.

Mayala amesema atarudi Jumatatu ijayo. Mtoto akiandika mwenyewe, darasa linabaki kwangu na suala la mhuri litaishia kwenye onyo. Asipoandika, nimkabidhi Obedi darasa siku hiyo hiyo. Obedi akasema hataki. Mashimba akamwambia hajaulizwa.

Jumanne, 5 Mei

Sabina hayupo. Darasa limeuliza leo tunaandika nini. Nikawaambia hadithi. Zote zinaanza na mtu aliyekufa na kurudi.

Alhamisi, 7 Mei

Nimekwenda kwao. Sijawahi kwenda kwa mwanafunzi yeyote huku. Siku zote nimesema wazazi wana miguu, waje wao. Njia ya chanjani ni tope na magamba. Bibi yake, Bibi Dorotea, alikuwa anageuza dagaa kwa ufagio. Aliponiona hakukimbia. Alisimama, akanikagua mpaka miguuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu. Vizuri."

Nikamweleza kikao, nikamweleza Jumatatu. Akanisikiliza akiwa anaendelea kufagia. Sabina alikuwa ndani, nikaona mguu wake mlangoni.

"Mwarimu," akasema bibi, na hiyo "r" yake siku nyingine ningeicheka, "huyu mtoto alisikia watu wanalia. Akaona kuni. Akajua ameua. Tangu siku hiyo karamu ya kuandikia hataki kuiona. Nimeichimbia chini, ameomba mwenyewe."

"Lakini mimi mzima, bibi. Sabina! Nione, mimi mzima."

Mguu ukaondoka mlangoni.

"Kuona peke yake haitoshi. Watu wamekulilia. Kilio hakirudi chenyewe, ni wewe ukirudishe. Pita kila nyumba iliyoleta kuni. Ukae chini. Ule chakula chao, maana maiti haili. Ukimaliza, njoo hapa, ule hapa. Hapo mtoto ataamini."

Nikamwambia mimi ni mwalimu, sina muda wa mizunguko, na mambo hayo mimi siyaamini.

"Sawa," akasema, akarudi kwenye dagaa wake.

Nimerudi nyumbani nina hasira na kila mtu. Ujinga mtupu. Nitaanza kesho baada ya vipindi.

Ijumaa, 8 Mei

Kwa mama yake Nkwabi: ugali na furu, visamaki vya ziwani. Kwa jirani yake: michembe ya viazi vikavu na karanga. Kwa mzee mmoja ambaye simjui kabisa: maziwa ya mgando, bakuli zima, akanitazama hadi tone la mwisho. "Nilileta gogo la mkaratusi," akasema. "Gogo zuri. Nilijua ni msiba wa mwalimu." Nikamshukuru kwa gogo.

Kila nyumba wananiambia walileta nini, na walisema nini nilipokufa. Mama mmoja akanieleza usoni kwamba mimi nina maringo, siitiki salamu, na naziba pua nikipita chanjani. "Lakini nilisema, hata hivyo, kwa sababu yake mwanangu sasa ananisomea pakiti za dawa. Nikalia." Nikajaribu kumdharau. Alikuwa ananijazia sahani.

Jumamosi, 9 Mei

Tumbo limejaa kama ngoma. Bashiru amenipa chai na maandazi, akaniuliza kama sanda airudishe kwa aliyemuuzia au aiweke. Nikamwambia aiweke.

Jumapili, 10 Mei

Nyumba ya mwisho. Bibi Dorotea ametandika mkeka nje, mawingu yametupa nafasi. Michembe. Sipendi michembe, inanikwama kooni tangu siku ya kwanza niliyopangiwa huku, na nimekula yote. Sabina alitoka ndani nilipofika katikati ya sahani. Akakaa mbali. Akasogea. Nilipomeza ya mwisho aliweka kidole chake shingoni mwangu, pale inapopita, kuhakikisha.

Bibi yake akaenda nyuma ya nyumba na jembe.

Jumatatu, 11 Mei

Ofisi ya Mwalimu Mkuu. Mayala kwenye kiti cha Mashimba, Mashimba amesimama, Obedi mlangoni, wazazi wamejaa dirishani na mvua ikiwapiga. Sabina katikati, penseli ina udongo bado. Nikaamriwa nisiseme kitu wala nisimsogelee. Nilikaa kwenye benchi nimekalia mikono yangu.

"Andika tangazo kama lile," akasema Mayala kwa upole.

Sabina akainama. Ulimi ukatoka.

"Hapana," akasema Mashimba. "Hapana, hapana. Lile ameshakaririshwa, wiki nzima hawa wako pamoja wanakula michembe. Abadilishe. Aweke jina la mtu mwingine. Yeyote! Ndipo tutajua anaandika au anatapika."

"Umesikia, mama?" Mayala akamuuliza. "Mtu mwingine yeyote."

Sabina akainua kichwa. Akamtazama Obedi. Akamtazama Mayala. Akatutazama mmoja mmoja bila haraka, kisha macho yake yakatua kwa Mashimba na yakakaa hapo. Akainama tena.

Kule dirishani mtu mmoja akasema, "Mungu wangu."

Aliandika taratibu. Mashimba alikuwa anasoma juu ya bega lake, na nilimwona akisoma, maana rangi yake ilibadilika neno kwa neno. Mayala akaichukua karatasi, akafumbua macho yote mawili, akaisoma kwa sauti:

"Tangazo. Mwalimu Mkuu Mashimba amekufa. Amekufa kwa hasira. Mazishi ni kesho saa saba hapa shuleni. Wanaotaka waje."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile kikitoka kwenye mvua. Mashimba alishika mgongo wa kiti. Hakucheka, na nadhani alikuwa anajipima mapigo ya moyo. Ameomba pale pale, kwa sauti ndogo, mtoto aandike lingine la kukanusha, leo hii, kabla watu hawajaondoka.

"Ataandika," akasema Mayala. "Lakini kwanza nielewe. Sabina, kwa Mwalimu Yasmin uliandika watu wote mje. Hapa umeandika wanaotaka waje. Kwa nini?"

Tangu Januari sijasikia sauti yake. Ni nzito kidogo kuliko nilivyodhani.

"Mwalimu alisema tangazo halisemi uongo," akasema. "Kwa Mwalimu Yasmin nilijua watakuja wote."

Darasa limebaki langu. Nililia mbele ya Mashimba, kwa sauti, na hilo sitamsamehe.